Zilipendwa na Nani? Uhakiki wa Namna Mashabiki Wanavyomkumbuka Mbaraka Mwinshehe

Ikisiri

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwimbaji, mtunzi, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi za Morogoro Jazz na Super Volcano, alifariki dunia Mombasa mwezi Januari 1979. Tangu hapo mashabiki wake wamejenga kumbukumbu yenye lugha yake, kaida zake na usahaulifu wake. Makala haya yanaihakiki kumbukumbu hiyo kama matini. Yanachunguza maneno matatu yanayoibeba, yaani zilipendwa, ukumbusho na pengo, na kudai kwamba mashabiki wamemhifadhi mpiga solo huku wakimpoteza mpangaji wa muziki. Makala yanaonyesha pia jinsi suala hili linavyogusa sera, hasa katika maeneo ambamo Kiswahili kinatafuta wasomaji na wasikilizaji wapya, kama vile mashariki mwa Uganda.

1. Kifo upande wa pili wa mpaka

Ajali ya gari iliyomuua Mbaraka Mwinshehe ilitokea Kisauni, Mombasa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mahali na wakati wa kifo hicho havitajwi kwa uzito unaostahili katika masimulizi ya mashabiki, ilhali vinaeleza mengi kuhusu namna alivyokuja kukumbukwa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Tanzania nayo ilikuwa vitani na utawala wa Idi Amin, vita vilivyoanza Oktoba 1978. Mwanamuziki aliyekuwa maarufu kuliko wengi katika nchi yake alikufa katika nchi jirani, katika kipindi ambacho eneo zima lilikuwa limegawanyika kuliko wakati wowote tangu uhuru.

Muziki wake haukugawanyika. Tanzania ilikuwa na studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam lakini haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Kiwanda kilikuwa Nairobi. Kwa hiyo, kila bendi ya Tanzania iliyotaka kusikika nje ya mawimbi ya redio ya taifa ililazimika kupitia Kenya. Mbaraka alikuwa na hadhira mbili zisizolingana: wasikilizaji wa redio nyumbani, waliozipata nyimbo bure na kwa pamoja, na wanunuzi wa santuri nchini Kenya na kwingineko, waliozipata kwa fedha na mmoja mmoja. Wimbo “Shida” uliwafikia wote, lakini kumbukumbu za makundi haya mawili hazifanani, na uhakiki wowote unaozichanganya hupotea njia mapema.

2. Zilipendwa: kitenzi bila mtenda

Nyimbo za Mbaraka hupigwa redioni leo chini ya jina zilipendwa. Jina hili limezoeleka kiasi kwamba muundo wake hauulizwi. Ni kitenzi cha kauli ya kutendwa, wakati uliopita, chenye kiambishi kinachowakilisha nyimbo, na kisicho na mtenda. Zilipendwa na nani? Sarufi inanyamaza. Na kama zilipendwa, je, hazipendwi sasa? Hapo sarufi hainyamazi. Inadokeza kwamba jambo limekwisha.

Shabiki anayepiga simu redioni kuomba “Mtaa wa Saba” au “Jogoo la Shamba” anaupenda wimbo huo sasa hivi, lakini kipindi kinamweka katika wakati uliopita pamoja na wimbo wenyewe. Mapenzi yake yanageuzwa kuwa ushahidi wa umri wake. Jina hili limefanya kazi nzuri ya kulinda nafasi ya muziki wa dansi katika ratiba za vituo vilivyochipuka baada ya ukiritimba wa redio ya serikali kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata hivyo, limelinda nafasi hiyo kwa masharti: muziki uingie kama kale, usiku au Jumapili, na usishindane na bongo fleva. Mtu hahitaji kuwa adui wa bongo fleva ili kuona kwamba masharti hayo yameugharimu muziki wa dansi wahakiki wake. Kitu kikishaitwa kale, hupewa heshima na kunyimwa maswali.

Kutokuwepo kwa mtenda kuna sababu ya kihistoria pia. Wakati wa ukiritimba, wasikilizaji wote wa Tanzania walisikia nyimbo zilezile kwa saa zilezile. Haikuwa lazima kusema nani alipenda, kwa kuwa kila mwenye redio, na kila jirani wa mwenye redio, alikuwamo. Zilipendwa ni neno la umma uliokuwa na sikio moja. Leo umma huo haupo, lakini neno limebaki likidai kwamba upo.

3. Ukumbusho: nani anamkumbusha nani?

Baada ya kifo cha Mbaraka, kampuni ya Polygram ya Kenya ilitoa mfululizo wa santuri ulioitwa Ukumbusho, juzuu moja baada ya nyingine. Kwa wasikilizaji wengi nje ya Tanzania, na hata kwa wengi waliozaliwa baadaye ndani ya Tanzania, mfululizo huo ndio Mbaraka. Kanda zilizonakiliwa kutokana nazo, na baadaye sidii na mafaili ya simu, vimeurithi mpangilio wake.

Kiswahili hutofautisha kumbukumbu na ukumbusho. Kumbukumbu humea ndani ya anayekumbuka. Ukumbusho hutokana na kitenzi cha kusababisha: kuna anayekumbusha na kuna anayekumbushwa. Kwa hiyo jina la mfululizo lilikuwa sahihi kuliko wateja walivyojua. Kampuni iliyokuwa na mikanda ndiyo iliyoamua umma ukumbushwe nini. Hakuna haja ya kuwaza njama; kampuni ya santuri huchagua kinachouzwa. Lakini athari yake kwa historia ni kubwa. Nyimbo za mapenzi, fedha na taabu za maisha husafiri bila kuhitaji maelezo, na ndizo ambazo shabiki wa nje huziimba kwa moyo. Nyimbo zilizofungamana na matukio ya taifa husafiri kwa shida. “Expo 70” humtaka msikilizaji ajue kwamba Morogoro Jazz ilikwenda Osaka, Japani, mwaka 1970, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. “Dr. Kleruu”, maombolezo ya Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, humtaka ajue mgogoro wa ardhi na ujamaa katika nyanda za kusini. Bila maarifa hayo, wimbo wa kwanza huwa ngoma ya kuchezwa tu, na wa pili huwa huzuni isiyo na anwani.

Ndipo kumbukumbu za hadhira mbili zinapoachana. Shabiki wa Morogoro au Dar es Salaam aliyeishi miaka ile humkumbuka Mbaraka kama sauti iliyokuwa ndani ya mambo ya nchi. Shabiki wa Nairobi, Kisumu au Mbale humkumbuka kama sauti iliyokuwa ndani ya mambo ya nyumba. Wote wako sahihi, na kila mmoja ana nusu. Kosa linaanzia pale wasomi wanapochukua nusu moja na kuiita urithi wa Afrika Mashariki.

4. Pengo na meno yaliyobaki

Tanzia ya Kiswahili ina sentensi yake isiyokosekana: marehemu ameacha pengo lisilozibika. Mbaraka huambiwa hivyo kila Januari. Wenzake waliofuata, Marijani Rajab mwaka 1995 na Patrick Balisidya mwaka 2004, waliambiwa vivyo hivyo, na kila mmoja akawa mwanamuziki asiye na mfano, kana kwamba nchi moja inaweza kuwa na wasio na mfano wengi kiasi hicho.

Dosari ya sentensi hii haiko katika uzee wake. Kaida za maombolezo huwa nzee kwa haki. Shaaban Robert alipomwombolezea mkewe katika shairi la “Amina” hakuogopa kutumia njia zilizokwisha kupitwa na wengine. Dosari iko katika matumizi. Pengo ni nafasi iliyo wazi katika safu ya meno, nayo hutambulika kwa meno yaliyobaki. Asemaye pengo bila kutaja safu hajasema kitu. Safu ya Mbaraka ilikuwa bendi: waitikiaji, wapiga gitaa la pili na la rithimu, mpiga besi, wapuliza saksafoni, wapiga ngoma. Shabiki mahiri, yule anayeheshimiwa vijiweni, huwataja kwa majina na kubishana nani alipiga sehemu gani katika rekodi gani. Ubishi huo ndio uhakiki wa kweli wa muziki wa dansi, nao umefanyika mdomoni kwa zaidi ya miaka 50 bila kuandikwa ipasavyo. Shabiki wa kawaida huishia kwenye jina moja.

Jina hilo moja lilisaidiwa na lakabu. Mbaraka aliitwa Soloist National, yaani mpiga solo wa taifa zima. Lakabu ilikuwa ya sifa, na sifa ilistahili. Ila imefanya kazi kama dirisha dogo: inaonyesha vidole vyake na kuficha akili yake.

5. Mpangaji asiyeonekana

Kinachofichwa ni kazi ya mpangaji na mwandaaji wa muziki. Neno prodyuza halikutumika kwa viongozi wa bendi za jazz wa wakati huo, nao hawakukaa nyuma ya kioo wakigeuza vinobu. Bendi ilirekodiwa ikipiga kwa pamoja, na kilichokosewa kilirudiwa na wote. Katika mazingira hayo, uandaaji hufanyika kabla ya kinasa sauti kuwashwa: katika mazoezi, katika kuamua gitaa lipi liingie lini, sauti ya kiitikio iwe na uzito gani, sehemu ya maneno ikome wapi na chemko lianze wapi. Aliyefanya maamuzi hayo ndiye mwandaaji, hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Jina Jazz lenyewe linaonyesha hali hii. Bendi za Tanzania zilizojiita hivyo, kuanzia Dar es Salaam Jazz katika miaka ya 1930 hadi Western Jazz, Kilwa Jazz na Morogoro Jazz, hazikupiga muziki wa New Orleans. Zilipiga dansi iliyotokana kwa sehemu kubwa na rumba ya Kuba iliyofika kwa santuri, kisha ikapitia Kongo na ngoma za nyumbani. Jazz lilikuwa jina la namna ya kukaa jukwaani: ala za kisasa, sare, mtindo wenye jina lake, na mpinzani. Western Jazz walikuwa na saboso, NUTA Jazz walikuwa na msondo. Morogoro, mji usio mkubwa, ulibeba bendi mbili kubwa, na upinzani wa Morogoro Jazz na Cuban Marimba uliwalazimisha viongozi wao kupanga muziki kwa ukali ambao redio peke yake isingeudai. Salim Abdullah wa Cuban Marimba alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, wakati Mbaraka alipokuwa kijana anayejijenga katika bendi ya upande wa pili, na Juma Kilaza akaishika Cuban Marimba ikaendelea. Mji huo ulijua mapema kwamba bendi inaweza kuishi baada ya kiongozi wake ikiwa alichoacha ni mpangilio.

Ukisikiliza rekodi za Morogoro Jazz za mwishoni mwa miaka ya 1960 na kisha zile za Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwaka 1973, unasikia mtu yuleyule akibadili mawazo. Katika zile za kwanza gitaa la solo hukimbilia mbele. Hujibu kila mstari wa mwimbaji na mara nyingine humkatiza. Katika “Shida” gitaa limejifunza kusubiri. Wimbo unatembea polepole, sauti inaachiwa nafasi ya kulalamika kama mtu anayezungumza na jirani, na magitaa yanashikilia mwendo chini yake bila kujigamba. Huo si ustadi wa vidole. Ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba malalamiko yakikatizwa huwa kelele. Mashabiki huusifu wimbo huu kwa maneno yake, na maneno ni mazuri. Lakini mtunzi mwingine angeweza kuyaandika. Subira ile ya magitaa ndiyo iliyoyafanya yaaminike, na hiyo haitajwi katika kumbukizi.

Kuna hoja ya kupinga inayopaswa kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kumtafutia Mbaraka cheo cha mwandaaji ni kumvika koti la zama zetu, na kwamba katika dansi kazi hiyo ilikuwa ya bendi nzima. Hoja ina uzito. Mapatano ya mazoezini hayana mwandishi mmoja. Lakini ukweli kwamba mabadiliko ya mtindo yanamfuata yeye kutoka bendi moja hadi nyingine ni ushahidi usiopuuzika, na kukubali mchango wa wenzake hakumpunguzii wa kwake. Kinyume chake, ni sifa ya mpiga solo pekee ndiyo inayowafuta wenzake wote.

6. Sikio la Busiu

Mji wa Busiu, katika barabara itokayo Tororo kwenda Mbale, hauko katika ramani ya kawaida ya muziki wa dansi. Hiyo ndiyo sababu ya kuutumia hapa. Eneo hili lina Kigisu, Kiganda na lugha nyingine za majirani, na Kiswahili ni cha soko, cha barabara, cha madereva wa malori yatokayo Kenya. Historia ya Kiswahili hapa imechafuliwa na sare. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi walikijua kama lugha ya kizuizi cha barabarani. Kisha, Aprili 1979, miezi mitatu tu baada ya kifo cha Mbaraka, wanajeshi wa Tanzania waliichukua Kampala, wakaingia Jinja tarehe 22, na Mbale ikafuata muda mfupi baadaye. Kiswahili kilikuja tena na bunduki, ingawa safari hii mikononi mwa waliokuja kumwondoa Amin.

Katikati ya sare hizo mbili, wimbo wa dansi ulikuwa Kiswahili kisichomwamrisha mtu. Msikilizaji aliyenasa stesheni ya Kenya au kununua santuri iliyovushwa mpakani alikutana na lugha hiyohiyo ikiomba mkopo, ikilia kwa kuachwa, ikimshauri kijana. Hakuna sera iliyopanga mkutano huo. Uganda ilirekebisha katiba yake mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni. Mijadala ya utekelezaji imetawaliwa na idadi ya walimu na vitabu. Haya ni mahitaji halisi. Lakini suala la chuki ya zamani halitibiwi kwa kitabu cha sarufi, na washauri wa sera wangefanya vyema kuuliza ni Kiswahili kipi kilichopendwa katika eneo hili kabla hakijaamriwa. Mashabiki wazee wa muziki wa dansi walioko Mbale, Tororo na Jinja ni ushahidi hai wa jibu, na wanapungua kila mwaka.

Hapa pia uhakiki wa sehemu zilizotangulia una matumizi. Mwalimu akipeleka darasani “Shida” kama zilipendwa, wanafunzi watapokea kitu cha babu zao, tena wa nchi nyingine. Akiipeleka kama kazi iliyopangwa, yenye mwimbaji anayezungumza na magitaa yanayosubiri, atakuwa na somo la fasihi simulizi, la matamshi na la usikilizaji kwa pamoja.

7. Mikanda na kalenda

Ziko hatua ambazo haziwezi kusubiri mashabiki wakubaliane. Rekodi nyingi za awali zimo katika maktaba ya redio ya taifa ya Tanzania, katika mikanda ya sumaku inayozeeka. Nyingine zimo mikononi mwa warithi wa kampuni za santuri nchini Kenya. Lebo ya Dizim ya Ujerumani ilipotoa mkusanyiko wa “Masimango”, ilidhihirika kwamba wasikilizaji wa mbali wangeweza kupata Morogoro Jazz katika ubora ambao wanafunzi wa Morogoro hawakuwa nao. Jambo hilo si la kulaumu lebo. Ni la kuuliza taasisi za nyumbani.

Sheria nayo ina tarehe zake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, ya Kenya ya mwaka 2001 na ya Uganda ya mwaka 2006 zote ziliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Mbaraka, hesabu hiyo inakoma mwishoni mwa mwaka 2029. Nchini Kenya, ulinzi wa rekodi ya sauti ni miaka 50 tangu irekodiwe, kwa hiyo sehemu kubwa ya rekodi zake imekwisha kutoka katika ulinzi huo, ilhali utunzi wenyewe bado umo. Kwa muda mfupi uliobaki, familia ina haki ambayo inaweza kudaiwa ikiwa kuna anayejua ni rekodi zipi, zilifanyika lini na nani alipiga nini. Orodha kamili ya namna hiyo haiwezi kupatikana katika vifuniko vya Ukumbusho. Sehemu yake iko katika lebo za mikanda ya redio, na sehemu iliyobaki iko vichwani mwa mashabiki wabishi wa vijiweni, ambao bado hawajaulizwa kwa utaratibu, wakiwa na daftari na kinasa sauti mbele yao, nani alipiga gitaa la pili.